Mazungumzo ya Nyumbani: Taa Kuwaka Si Ushahidi

Juma lililopita jirani yangu mmoja wa hapa Bunia alinijia jioni, amebeba bunda la waya begani. Baada ya kusalimiana akasema, “Mwalimu, nimemaliza kujenga nyumba yangu ya uani, sasa nataka kuitia umeme kwa mikono yangu mwenyewe. Wewe umesoma; nielekeze, nisitoe fedha kwa fundi.” Nikamkaribisha kiti. Kisha, kabla ya kumjibu neno, nikamwongoza mpaka chumba changu cha nyuma, nikamwonyesha alama nyeusi ukutani. Yale niliyomweleza nataka niwaeleze ninyi pia, kwani wajenzi ni wengi na tamaa ya kuokoa fedha ni ya kila mmoja wetu.

Zamani za Wabelgiji, maji ya mto Shari yalipoanza kuzungusha mitambo ya Budana kwa ajili ya machimbo ya dhahabu ya Kilo, umeme ulikuwa kitu cha kampuni, na wazee wetu waliutazama kwa mbali. Siku hizi watafutwa na kila mwenye nyumba. Ni jambo jema: mtoto asoma usiku bila moshi wa kibatari. Lakini mgeni huyu ana desturi zake, na asiyezijua atajuta.

Mimi nilijiona nazijua. Miaka mitatu iliyopita nilijenga chumba cha kupangisha, ili kodi yake inisaidie kulipa ada za shule. Darasani nilikuwa nafundisha kanuni ya Ohm. Basi nikajiambia, ninayeweza kuiandika ubaoni nitashindwaje kuitenda ukutani? Nikanunua waya mwembamba wa bei ndogo. Palipopungukia nikaunga kwa kusokota kwa vidole, nikafunga utepe, nikaziba kwa lipu. Nikabonyeza swichi, taa ikawaka. Watoto wakapiga makofi, nami nikaona kazi imekwisha.

Mpangaji wangu alikuwa mama mmoja mwenye mtoto mchanga. Kwa miezi mingi alitumia taa tu, na hapakutokea shida. Halafu akanunua jiko la umeme. Siku moja umeme ulikatika akiwa anapika, akasahau kulichomoa. Usiku wa manane umeme ukarudi. Mama aliamshwa na harufu. Kumbe lipu inatoa moshi, na pembe ya godoro imeanza kuungua. Alimtoa mtoto nje akipiga kelele, nasi tukakimbilia kuzima swichi kuu. Asante Mungu, hakuna aliyeumia.

Kosa lilikuwa wapi? Fanyeni hesabu pamoja nami. Umeme wetu wa nyumbani ni volti 220. Taa ndogo ya wati 10 haichukui hata sehemu moja ya ishirini ya ampea. Jiko la wati 2000 lachukua ampea 9, yaani mara 200 ya taa ile. Na yule mtaalamu Mwingereza, James Prescott Joule, alionyesha mnamo 1841 kwamba joto la waya halikui sawasawa na mkondo, bali kwa mraba wake: mkondo ukiwa mara mbili, joto lawa mara nne. Basi mara 200 yazaa joto mara 40,000, pale pale penye kiungo changu kilicholegea. Hata disjonkta haikuzima, kwa sababu ampea 9 hazikupita kiasi chake. Chombo hicho huona mkondo uliozidi. Hakioni kiungo kibovu kilichofichwa ndani ya ukuta.

Ndiyo maana nasema, taa kuwaka si ushahidi kwamba kazi ni njema. Huko Ubelgiji mwenye nyumba aweza kuweka nyaya zake mwenyewe, lakini kwa mujibu wa kanuni za nchi hiyo, haruhusiwi kuziunga na umeme mpaka mkaguzi aliyekubaliwa na serikali azikague. Twaona hapo hekima: aliyefanya kazi asiwe hakimu wa kazi yake.

Je, baba mwenye nyumba asifanye lolote? La, yapo mengi. Achimbe njia ukutani, alaze mabomba ya plastiki, aweke visanduku vya kuungia. Anunue waya kamili akiwa pamoja na fundi: wa milimita za mraba 1.5 kwa taa, na 2.5 kwa matundu ya ukutani, ndiyo tuitayo prizi. Kila kiungo kikae ndani ya kisanduku chenye kifuniko, kisizibwe kamwe kwa lipu. Waya wa kijani na njano uende ardhini, wala usitumiwe kwa kazi nyingine. Fyuzi ikiungua, asitie waya mnene badala yake. Na aongeze kile kifaa kiitwacho difransieli, kinachokata umeme wa ampea 0.03 tu ukipotea njia. Kwani mkondo usiotosha kuwasha taa ile ndogo waweza kumuua mtu. Lakini kuunganisha na kupima, amwachie fundi.

Wengine watasema, “Mimi natumia umeme wa jua, betri yangu ni ya volti 12, haina hatari.” Ni kweli, haitakurusha. Lakini katika volti 12, wati 100 zataka ampea 8, karibu sawa na jiko lile. Kiungo kilicholegea kitawaka vile vile.

Jirani yangu akaniuliza fundi angenidai kiasi gani wakati ule. Nikamwambia: chini ya bei ya godoro nililomlipa mpangaji. Jumamosi akamwita fundi. Alikagua kwa muda wa saa mbili, akakuta kiungo kimoja tu kimelegea, juu ya kitanda cha watoto.

Wahenga walisema, rahisi huvunja upishi. Enyi akina baba, tuokoe fedha katika mambo mengine. Kosa la umeme halimngojei aliyelitenda. Humkuta yule aliyelala.