Kuku wa Voi na Dawa ya Kubahatisha

Mpango wa kitaifa wa Kenya dhidi ya usugu wa dawa, wa 2023 hadi 2027, ulifuatwa na wimbo uleule wa mpango wa 2017: mfugaji aelimishwe, aache kununua dawa ovyo. Mfugaji wa Voi anakaripiwa bure.

Kuku wake wakianza kuzubaa na kuharisha manjano, huenda agroveti, hueleza dalili na hutoka na pakiti ya oksitetrasaiklini au enrofloksasini. Huenda ni taifodi ya kuku. Huenda pia ni kideri, ugonjwa wa virusi usiosikia antibiotiki yoyote.

Ni kweli, sheria inataka cheti cha daktari wa mifugo, na chanjo na usafi hupunguza maradhi. Sawa. Lakini daktari asiye na maabara ana nini zaidi ya macho?

Kipimo cha kujua dawa ipi inafaa si cha ajabu. Bakteria kutoka ini la kuku aliyekufa huoteshwa, kisha hupakwa kwenye sahani ya agari. Juu yake huwekwa vijikaratasi vyenye dawa mbalimbali, na sahani hulazwa usiku kucha kwenye joto la nyuzi 35. Asubuhi, dawa yenye nguvu imezungukwa na duara tupu. Iliyoshindwa, bakteria wameota hadi ukingoni mwake. Kwa jumla ni siku mbili tatu. Maabara ya serikali ya uchunguzi wa mifugo kwa ukanda huu, hata hivyo, iko Mariakani, takriban kilomita 120 kutoka Voi, na mtu wa Taveta ana zaidi ya 100 nyingine kabla hajafika Voi. Mzoga ndani ya matatu, kwa joto lile, bila barafu! Ukifika umeoza, na bakteria wa uozo wameshawafunika wale waliomuua kuku.

Basi aelimishwe nini? Kwamba enrofloksasini hugeuka siprofloksasini mwilini mwa kuku, dawa wanayoandikiwa watu? Akishajua, bado hana pa kupima. China ilipiga marufuku antibiotiki ya kolistini ya kukuzia mifugo mwaka 2017 kwa sababu watafiti wake, waliokuwa wakipima E. coli wa mifugo mara kwa mara, waliripoti mcr-1, jeni ya usugu dhidi yake, mwaka 2015. Hawakuota ndoto, walipima.

Voi kuna Chuo Kikuu cha Taita Taveta, kinachofundisha kilimo. Kaunti ikae nacho mezani, wapange maabara: agari, kitotoshi, vijikaratasi vya dawa, na sanduku la barafu Taveta, Mwatate na Wundanyi. Pesa za semina za kuelimisha wafugaji zianzie hapo.