Mashine isimnyime mtu kumwagilia

Mwisho wa mwaka 2015, maua ya zinia yaliyopandwa katika Kituo cha Kimataifa cha Anga yalishikwa na ukungu. Maji yalizidi. Scott Kelly, Mmarekani aliyeyatunza, aliomba asingoje tena ratiba ya kutoka duniani: aangalie majani na kuamua mwenyewe. Mama muhami mwenye lengalenga pembeni ya hema angemwelewa mara moja. Januari 2016 maua yalichanua.

Mwaka 2017 kilipelekwa kibanda chenye vipimio zaidi ya 180, kinachojimwagilia chenyewe. Kazi nzuri, maana wasafiri wa anga wana shughuli nyingi. Lakini njiani kwenda Mars hakuna soko la mboga. Basi wafundishwe kulima, na mtambo uwe na mahali pa kuuzima.