Mdaiwa Si Mkaidi

Mwandishi aliyewaita wadaiwa wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu wakaidi wasio na shukrani amesahau kutazama mshahara unakatwaje. Mwenye ajira rasmi hana nafasi ya kukaidi. Mwajiri humkata asilimia 15 kila mwezi kabla pesa haijafika benki, apende asipende.

Basi hao wakaidi ni nani? Wengi ni wasio na hati ya mshahara: mhitimu wa ualimu anayeendesha bodaboda akisubiri serikali itangaze ajira. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2016 yanamtaka aliyejiajiri alipe asilimia 10 ya kipato chake, na isipungue shilingi 100,000 kwa mwezi. Azitoe wapi, na hesabu ya leo ya mwenye pikipiki bado haijatimia?

Deni lenyewe lilikuwa likinenepa bila kulishwa. Hadi 2021 lilitozwa asilimia 6 kila mwaka, eti kulinda thamani ya fedha (jina la heshima kweli kweli), na aliyechelewa akaongezewa adhabu ya asilimia 10. Serikali yenyewe ilizifuta tozo hizo. Kama kosa lilikuwa tabia za vijana tu, zilifutwa za nini? Hilo mwenzetu kalipita kimya.

Sikatai, mkopo ulipwe. Fedha hizo ndizo zinazomsomesha wa mwakani. Lakini Bodi iondoe kima hicho cha shilingi 100,000, asiye na ajira alipe kadiri anavyopata. Baada ya hapo ndipo tuhesabu wakaidi.