ELIMU YA DAWA ZA KULEVYA ISINGOJE JUNI

KILA mwaka ifikapo tarehe 26 Juni, nchi yetu huungana na mataifa mengine kuadhimisha Siku ya Kimataifa ya Kupiga Vita Dawa za Kulevya, iliyowekwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa mwaka 1987. Siku hiyo hotuba hutolewa, wanafunzi hughani ngonjera na mabango hutundikwa. Hilo ni jambo jema. Lakini sherehe ikiisha mabango hukunjwa, na katika shule nyingi mtoto hungoja mwaka mzima bila kusikia tena neno la maana juu ya hatari hiyo. Sisi tunasema kwamba elimu ya siku moja haitoshi. Kazi hii haina budi kuwa sehemu ya kazi ya kila siku ya shule.

Tunalisema hili tukiitazama Wilaya ya Bahi, mkoani Dodoma. Wapo wanaodhani kuwa dawa za kulevya ni balaa la Dar es Salaam, Tanga na Zanzibar, na kwamba sigara za kielektroniki ni anasa ya watoto wa matajiri wa mijini. Dhana hiyo si sahihi. Bahi haiko pembeni mwa nchi. Barabara kuu itokayo Dodoma kwenda Singida na Mwanza inapita humo. Reli ya Kati imepita humo kwa zaidi ya miaka 100, na sasa imepita reli ya kisasa. Makao Makuu ya Serikali yako mwendo wa saa moja hivi kwa gari. Msimu wa mpunga wafanyabiashara huja na magari yao, na fedha huingia mikononi mwa watu, vijana wakiwamo. Njia hizo hizo zinazoleta vitabu na dawa za zahanati zaweza pia kuleta kile tusichokitaka.

Tukumbuke viroba. Pombe kali ile ya kwenye vipakiti ilikuwa ya bei ndogo na ilienea katika mfuko wa kaptura ya mwanafunzi. Haikuuliza kama mahali ni mji au kijiji. Serikali ilipiga marufuku viroba kuanzia tarehe 1 Machi 2017, na wananchi wengi waliipongeza kwa hatua hiyo. Mwaka mmoja kabla yake, shisha nayo ilikuwa imepigwa marufuku. Hata hivyo, ni dhahiri kwamba katika mambo yote mawili sheria ilifika baada ya madhara kutokea. Hapana shaka kwamba hali itakuwa hivyo hivyo kwa vitu vingine vitakavyobuniwa kesho. Mtoto aliyefundishwa kukiogopa kiroba peke yake hana kinga dhidi ya kile kilichochukua nafasi ya kiroba.

Sigara ya kielektroniki, ambayo vijana huiita vepu, ni mfano mzuri. Chombo hicho hupasha moto kimiminika na kutoa mvuke unaovutwa kama moshi. Vimiminika vingi vina nikotini, ile ile inayomfunga mvutaji wa tumbaku, nacho hutiwa ladha ya matunda au peremende. Baadhi ya vyombo hivyo vinafanana na kalamu, na mvuke wake hauna harufu ya tumbaku. Mwalimu anaweza kukiona mezani asikitambue. Mwaka 2018 Mganga Mkuu wa Marekani alitangaza kuwa matumizi yake miongoni mwa vijana wa nchi hiyo yamefikia kiwango cha mlipuko wa maradhi. Mwaka uliofuata, watu zaidi ya 2,800 walilazwa hospitalini nchini humo kwa maradhi ya mapafu, na hadi Februari 2020 watu 68 walikuwa wamekufa. Uchunguzi ulionyesha kuwa wengi wao walikuwa wamevuta vimiminika vyenye kilevi cha bangi vilivyochanganywa na mafuta ya vitamini E. Jirani zetu wa Uganda walivipiga marufuku vyombo hivyo katika sheria yao ya mwaka 2015. Sheria yetu ya bidhaa za tumbaku, inayokataza kumuuzia tumbaku mtu aliye chini ya miaka 18, ni ya mwaka 2003, wakati ambapo vyombo hivyo vilikuwa havijafika kwetu.

Lakini tusidanganyane. Mwanafunzi wa Bahi, kabla hajakutana na vepu, atakutana na pombe ya kienyeji, sigara na bangi. Atakutana navyo nyumbani na njiani. Ni jambo la kusikitisha kwamba mpaka leo wapo wazazi wanaomtuma mtoto dukani kununua sigara, au kilabuni kuchukua pombe, na jioni hiyo hiyo wanamkanya asiviguse. Wapo pia wanafunzi wa sekondari wanaotoka vijiji vya mbali na kupanga vyumba karibu na shule, wakajipikia na kujilea wenyewe wakiwa na umri wa miaka 14. Katika vyumba hivyo hakuna baba wala mwalimu. Anayefika wa kwanza na mafunzo yake ndiye mlezi.

Je, shule zetu hufanya nini? Mara nyingi hufanya mambo matatu: kutisha, kuchapa na kufukuza. Tunaheshimu juhudi za walimu, ambao wengi wana madarasa makubwa na muda mdogo. Lakini yafaa ieleweke kwamba njia hizo hazijaleta matunda popote. Marekani ilianzisha mwaka 1983, katika jiji la Los Angeles, mpango wa kuwapeleka polisi darasani kuwaonya watoto juu ya dawa za kulevya. Mpango huo ulienea nchi nzima na ukatumia fedha nyingi. Wataalamu walipoupima katika miaka ya 1990, waligundua kuwa watoto waliopitia mafunzo yale hawakutofautiana sana na wenzao katika kutumia dawa hizo. Umoja wa Mataifa nao, katika viwango vyake vya kinga vilivyotolewa mwaka 2013 na kurekebishwa mwaka 2018, unaeleza kuwa vitisho na maonyo matupu havifai. Kinachofaa ni mafunzo ya stadi za maisha yanayotolewa kwa vipindi vingi, na walimu walioandaliwa, huku wanafunzi wenyewe wakizungumza na kujizoeza kukataa.

Sababu yake si ngumu kuielewa. Mtoto aliyeambiwa kuwa bangi huua papo hapo, akamwona kaka yake anavuta na bado anatembea, huacha kumwamini mwalimu hata katika yale yaliyo kweli. Mwalimu amweleze ukweli: kwamba ubongo wa kijana huendelea kukomaa hadi karibu na miaka 25, kwamba nikotini humfunga kijana upesi kuliko mtu mzima, kwamba anayevuta bangi sana akiwa kijana huongeza hatari ya kupata maradhi ya akili. Akiulizwa kama vepu ina sumu chache kuliko sigara, asikwepe. Ajibu kwamba yawezekana kwa mtu mzima anayetaka kuacha sigara, lakini kwa mtoto ambaye hajawahi kuvuta chochote, vepu ni mlango wa kuingilia utumwani.

Juu ya kufukuza, tunapenda kusema waziwazi. Mwanafunzi aliyekutwa na sigara akafukuzwa shule hakuponywa, bali amepelekwa moja kwa moja kwa wale waliompa sigara hiyo. Waraka wa Serikali wa mwaka 2021 uliwafungulia mlango wa kurudi masomoni wanafunzi walioacha shule kwa sababu mbalimbali, wakiwamo wasichana waliopata ujauzito. Taifa lililofanya hivyo haliwezi kushindwa kumvumilia kijana aliyekosea mara moja. Adhabu iwepo kwa mujibu wa kanuni, lakini iambatane na ushauri, na mzazi aitwe mapema, kabla jambo halijawa kubwa.

Kinga ina faida nyingine ambayo mtumishi wa umma ataielewa upesi. Tiba ya methadoni kwa waathirika wa heroini ilianza Hospitali ya Muhimbili mwaka 2011 na imefika mikoa mingine, Dodoma ikiwamo. Ni tiba njema. Lakini kwa kawaida mgonjwa hutakiwa kufika kliniki kila siku kunywa dozi yake. Mkulima wa Lamaiti au Mtitaa atapata wapi nauli ya kumpeleka mwanawe Dodoma kila siku, mwezi baada ya mwezi? Kwa familia ya aina hiyo, kinga ndiyo tiba pekee iliyo karibu.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo manne. Kwanza, kila shule, kuanzia madarasa ya juu ya msingi, iwe na vipindi vya somo hili katika ratiba ya mwaka mzima, na wadhibiti ubora wa shule wavikague kama wanavyokagua hisabati. Pili, mwalimu wa ushauri na unasihi apewe mafunzo na mzigo wa vipindi unaomwezesha kuifanya kazi hiyo. Klabu za wanafunzi, ambazo Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya huzitumia pamoja na TAKUKURU, zisiwe za maandamano tu. Wanafunzi na walimu waijue pia namba 119 ya Mamlaka hiyo, ambayo hupigwa bure. Tatu, watendaji wa kata na vijiji wasimamie sheria ya umri madukani na vilabuni, na mikutano ya vijiji iamue kuwa hakuna mtoto atakayetumwa sigara wala pombe. Nne, halmashauri na wazazi waongeze nguvu katika ujenzi wa mabweni. Mahali ambapo hayajapatikana, vyumba vya wanafunzi vitembelewe na mwalimu pamoja na mjumbe wa bodi ya shule.

Yote haya hayangoji msaada kutoka nje wala sheria mpya. Yanangoja mwalimu mkuu apange ratiba yake, mtendaji apite madukani na mzazi aende dukani mwenyewe. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Muhula ujao utakapofunguliwa, wazazi wa Bahi na wa wilaya nyingine wana haki ya kuuliza katika kikao cha kwanza cha shule: kipindi hicho kiko siku gani, na anayekifundisha ni nani?