Rodi Kali, Kopo Wazi: Acheni Kutuuzia 7018 Moja Moja

Tusidanganyane. Kutoka Mtwapa hadi Malindi, kila kituo kina fundi wa kuchomelea, na kila fundi atakwambia 7018 ndiyo rodi kali. Ni kweli. Ile 70 ya mbele ni nguvu ya pauni 70,000 kwa inchi mraba. Lakini ile 8 ya mwisho hakuna anayeitaja, na ndiyo yenye masharti: unga uliovikwa rodi hii ni wa kutoa haidrojeni kidogo mno. Yani lazima ikae kavu.

Sasa ingia dukani uone. Pakiti ilifunguliwa zamani, rodi zimesimamishwa kwenye kopo karibu na mlango, unahesabiwa nne, unafungiwa kwa gazeti. Hapa Pwani! Kachiri ukiziacha wazi usiku mmoja tu wa masika, asubuhi zishalegea. Rodi nayo inanyonya unyevu vilevile, ila yenyewe hailegei. Ukiitazama ni nzima.

Binamu yangu anajifunza kazi kwenye kibanda kimoja Kilifi. Mwezi wa nne waliletewa trela ya boti, mkono wa kuvutia umekatika. Chuma kinene. Wakauchomelea Jumamosi kwa rodi za kopo. Mshono ulitoka safi, hadi akanitumia picha. Jumatatu anapitisha brashi ili apake rangi, anaona mstari mwembamba kama unywele kando ya mshono. Fundi akamwambia, "Huo mkwaruzo tu kijana, paka rangi."

Hakupaka. Alimwita mwenye boti aje aone mwenyewe. Wiki ile hakulipwa.

Mbona Jumamosi haukuonekana? Manake ufa wa haidrojeni huja baadaye. Moto wa rodi unavunja maji yaliyo kwenye unga, haidrojeni inaingia ndani ya chuma kilichoyeyuka, chuma kinapoa nayo imenaswa. Kama chuma ni kinene au kigumu, kinaweza kupasuka saa nyingi baadaye, hata siku mbili. Wewe ushalipwa, ushaenda zako.

Na rangi haizibi ufa. Machi 27, 1980, jukwaa la Alexander L. Kielland lilipinduka Bahari ya Kaskazini. Walikuwemo watu 212, wakafa 123. Wachunguzi walifuata ufa hadi kwenye mshono mdogo wa kushikia kifaa, wakakuta rangi ndani yake. Yani ufa ulikuwepo tangu siku ya kupakwa rangi. Sisemi rodi zao zilikuwa na unyevu. Nasema kuna mtu alipitisha brashi juu ya ufa.

Najua mtaniambia oveni ni ghali, stima nazo ndio hizo. Sawa. Lakini kuanika rodi juu ya mabati si dawa, jua la Malindi halifikishi rodi hata nyuzi 100. Rodi iliyofunguliwa hutunzwa kwenye oveni ya nyuzi 120 au zaidi. Kiwango cha Marekani, AWS D1.1, kinaipa E7018 ya kawaida saa 4 tu nje, na zile zenye alama ya R mwishoni hadi saa 9. Ikipitiliza, inaokwa nyuzi 260 hadi 430 kwa saa 2, tena mara moja tu. Iliyolowa maji ni ya kutupa.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu: kama huna pa kuitunza, usiitumie. Geti na grili za dirisha, 6013 inatosha kabisa, na hakuna aibu. Kazi ya chuma kinene, mkono wa trela, chasisi, ndoano ya kuinulia mzigo, nunua pakiti ndogo iliyofungwa, ifungue mbele ya mteja, na ukate hesabu ya zitakazoisha ndani ya saa 4. Bei ya pakiti iweke kwenye bili. Mteja mwenye akili atalipa.

Nawe mteja, acha kuuliza bei tu. Uliza, "Rodi zimefunguliwa lini?" Fundi akicheka, beba trela yako uende kwa mwingine.

Binamu yangu alikosa pesa ya wiki. Ile boti hubeba watu sita, na trela yake hupita barabarani katikati ya tuktuk na watoto wa shule. Ingekuwa wewe, ungepaka rangi?