Swali ambayo wanaume hawaulizwaka



Desemba 2018 tulinyimwa kura ya raisi. Walisema Ebola, walisema usalama; Beni, Butembo na Yumbi tukaachwa inje. Tarehe 30 tulipanga mstari hata hivyo, tukapiga kura yetu ya mfano ili nchi ione. Ile siku tunajivunia mpaka leo. Lakini kuko kitu hatukisemaka: kati ya wagombea 21, mwanamke alikuwa mmoja tu, Marie-Josée Ifoku, na pale kwenye mstari tulimcheka. 2023 akarudi na ufagio wake, akisema serikali inapashwa kufagiwa. Tukasema: si unaona, kufagia ndiyo kazi yao. Sisi wenye madiplome ndio tulisema vile, si wazee wa kijiji.

Hapa kwetu sababu yenye watu wanatoaka ni moja: «Mwanamke hawezi kuamuru jeshi, na sisi tuko na vita.» Hata mama zetu wanasemaka vile. Sawa, tuhesabu basi. Mauaji ya Beni yalianza Oktoba 2014. Tangu wakati ule, mkubwa wa jeshi lote alikuwa Kabila, kisha Tshisekedi. Tangu Mei 2021 tuko chini ya état de siège, gavana ni jenerali. Wote ni wanaume. Tumezika watu wangapi? Na nani amesema siku moja, «Mwanaume hawezi»? Mwanaume akishindwa, tunasema fulani ameshindwa. Mwanamke akishindwa, wote wameshindwa pamoja naye.

Ni ile ile kwa Mama Judith Suminwa, waziri mkuu tangu 2024, mwanamke wa kwanza. Aliteuliwa, hakupigiwa kura, na kazi ya serikali yake tutaendelea kuikemea bila huruma. Lakini bei ikipanda sokoni tunasikia «ndiyo hasara ya kuweka mwanamke», utafikiri mbele yake bei ilikuwa inashuka.

Kwa hiyo tumepatana: kila mgombea mwenye atakuja kutuomba kura, mama ao papa, atajibu maswali yale yale. Barabara ya Kasindi utailinda namna gani? Vijana watapata kazi wapi? Franga za kampanye zimetoka kwa nani? Na kama ni lazima tuulize nani atabakia na watoto nyumbani, tutaanza na papa.