Kupea Si Kumalizika

Kipo kitenzi kimoja cha Kiingereza ambacho wanafunzi wetu wa sekondari wamekipenda mno. Kitenzi chenyewe ni 'culminate'. Huandikiwa ubaoni pamoja na maneno mengine mazito, wakaambiwa kwamba insha isiyopambwa kwa maneno ya aina hiyo haipati alama za juu. Basi kijana hukitia popote panapopatikana nafasi. Mwulize maana yake, naye atakujibu bila ya kusita: "Ni kumalizika." Hapo ndipo ninapotaka kusema naye kidogo, na kusema pia na wanaomsomesha.

Mimi sina ugomvi na Kiingereza. Elimu haina mwenyewe, na mwenye lugha mbili ana macho mawili. Lakini mtu akichukua neno la watu, na alichukue pamoja na maana yake. Asili ya kitenzi hiki ni Kilatini, katika neno 'culmen', yaani kilele, au mgongo wa paa la nyumba. Katika karne ya 17 Waingereza walikitumia kwa habari za nyota. Nyota ilipofika mahali pa juu kabisa pa njia yake mbinguni, hicho ndicho kitenzi walichokisema juu yake. Nyota ile haikuzimika wala haikuanguka, bali ilipita hapo ikashika njia yake ya kwenda kutua. Hata leo, mwenye kukijua Kiingereza hasa hukitumia kwa jambo lililopanda daraja kwa daraja mpaka likafika juu. Ugomvi ulioanza kwa maneno, ukaingia matusi, ukaishia kwa mapanga, huo unastahili kitenzi hicho. Mkutano uliofungwa kwa sababu watu wamechoka umekwisha tu, basi.

Waama, mtoto wa pwani aliyepita chuoni hana sababu ya kutatizwa na jambo hili. Amesomeshwa nyakati za Sala, na anajua kwamba jua lina wakati wa kusimama kati kwa kati, ambao wanazuoni huuita istiwaa. Wakati huo kivuli cha kijiti kilichosimikwa huwa kifupi kuliko saa zote za mchana. Kisha jua hupinduka, nayo ndiyo zawali, na Adhuhuri ikaingia. Hadithi aliyoipokea Ukba bin Amir, iliyomo katika Sahihi ya Muslim, inatukataza kusali katika nyakati tatu, na mmojawapo ni huo wa jua kusimama. Katika madhehebu yetu ya Shafii, siku ya Ijumaa imetolewa katika katazo hilo. Zingatia basi, ndugu msomaji: jua likiwa juu kabisa, mchana haujesha, na Sala ya Adhuhuri inangojea upeo ule upite.

Tena sisi wa Mombasa tuna bahati yetu katika elimu hii. Mombasa na Makka zinakaribia kuwa kwenye mstari mmoja wa longitudo: Mombasa kiasi cha digrii 39.7 mashariki, na Makka kiasi cha 39.8. Kwa hiyo jua hufikia upeo wake katika miji hii miwili kwa tofauti isiyotimia dakika moja. Kila mwaka, mnamo tarehe 28 Mei, saa sita na dakika 18 mchana, na mnamo tarehe 16 Julai, saa sita na dakika 27, jua husimama wima juu ya Alkaaba. Saa hiyo kivuli cha mtu wa Mombasa huelekea kusini, naye akikipa kisogo kivuli chake, ameelekea Kibla. Mtoto aliyeonyeshwa jambo hili uani kwao hatasahau maana ya kufika upeo, kwa lugha yoyote atakayoulizwa.

Hata Waingereza wenyewe, katika elimu hii, waliazima kwa Waarabu. Neno lao 'zenith', la mahali pa juu kabisa mbinguni, limetokana na 'samt ar-ras', yaani njia ya kichwani, lililopitia katika Kilatini cha zama za kati. Sisi tunasema jua la utosi. Kichwa ni kile kile.

Linalonisikitisha ni kwamba kitenzi chenyewe tunacho, na tunakiacha kipotee. Nacho ni kupea. Kupea ni kufikia ukamilifu wa kimo au wa hali, na humo ndimo lilimotoka neno upeo. Jamaa zake ni kupevuka na mpevu. Mwezi mpevu ni mwezi uliotimia duara, na kila mtu anajua kwamba usiku wa kumi na nne si mwisho wa mwezi. Leo mwambie kijana kwamba jambo limepea, naye atadhani umesema habari ya kupeana vitu, kwa vile amezoea kusikia "nipee kalamu" mahali pa "nipe". Nasi waandishi wa magazeti tunaandika kila wiki kwamba sherehe "zitafikia kilele" siku ya kufungwa, hata kama siku hiyo hakuna ila kukunja majamvi.

Tazama Maulidi. Upeo wa kisomo ni pale panapotajwa kuzaliwa kwake Mtume (S.A.W.), watu wote wakasimama. Baada ya hapo kisomo huendelea, kisha ndipo dua ikafunga. Upeo uko kati, na mwisho una mahali pake. Maulidi ya Lamu, kwa upande wake, huwa na zefe siku ya mwisho, na hapo upeo na mwisho vimekutana. Mwandishi anayejua tofauti hiyo ataeleza kila kimoja kwa neno lake.

Nitaambiwa kwamba mtihani haumwulizi mtoto habari za zawali wala mwezi mpevu. Ni kweli. Lakini mtihani huhesabu kosa la kutumia neno pasipo pake, na mtoto anayejua kupea hawezi kulikosea hilo la Kiingereza. Kwa hiyo nawaomba walimu jambo moja jepesi: kila neno zito la Kiingereza linapoandikwa ubaoni, na liandikwe na mwenziwe wa Kiswahili ubavuni. Nasi waandishi tuwasaidie kwa kulitumia neno hilo magazetini, ili mtoto akilitafuta alikute lingali hai.